Aliyeniuliza Nani Kafa

Bwana Yesu asifiwe! Hamjaitikia. Bwana Yesu asifiwe! Amina. Mnaona nimeita mara mbili na pumzi bado ipo? Zamani ningeita mara moja nikaomba kiti.

Ndugu zangu, naitwa Debora, mama lishe, nakaa hapa Visiga, napikia watu wa viwandani kule Zegereni. Kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda mbele ya sufuria na kuonja. Nilionja mpaka nikawa bonge, na nikajisifu kwamba nimeneemeka!

Basi, asubuhi moja ya masika, mwaka juzi, mdogo wangu Yohana akanipigia simu kutoka kwetu Kisarawe. "Dada, fanya haraka, mama anakuita." Niliacha wali jikoni, nikaondoka. Nyumba ya mama iko juu ya kilima, na siku ile kulikuwa na tope. Dereva wa bodaboda akaniambia, "Mama, mimi naishia hapa." Nikapanda kwa miguu. Kilima kile utotoni nilikipanda na ndoo ya maji kichwani, huku naimba! Siku hiyo nilikaa chini mara nne. Kifua kinawaka, nyumba naiona, kuifikia siwezi. Nilipokaa mara ya nne nikasikia wanawake wanapiga kilio huko juu.

Yohana aliniambia mama aliuliza mpaka dakika ya mwisho: "Debora kafika wapi?" Na mimi nilikuwa pale chini ya mkorosho, natafuta pumzi.

Msibani sikulia. Ningelia kwa uso gani? Nilijitia jikoni nikapika, watu wakasema Debora kajikaza. Uongo mtupu! Nilikuwa naona haya. Nikarudi Visiga na donge kooni. Naimba kwaya, donge liko. Nasali, donge liko. Nilimtamani mama yangu, ndugu zangu, mpaka hamu yenyewe nikaionea aibu.

Ndipo nikaanza kukimbia. Hakuna daktari aliyenituma. Nilitaka tu siku nikiitwa tena niwahi, na nani kabaki wa kuniita? Nikanunua raba za mtumba, nikavaa trakisuti ya mwanangu na kanga juu yake, maana mtu wa miaka arobaini na saba siwezi kutoka na suruali peke yake. Nikashika njia ya vumbi. Siku ya kwanza nilitoka nguzo ya umeme mpaka nguzo ya pili, nikatapika. Wiki iliyofuata, nguzo tatu. Vijana wa bodaboda wakawa wananipigia kelele, "Bonge, kaza! Gari limewaka!" Nikawatukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Pumzi ilipoanza kupatikana, nikapita mtaa ambao hawanijui. Sasa, ninyi mnajua kwetu mwanamke mtu mzima hakimbii hovyo. Ukimwona asubuhi anakimbia na kanga, ujue kuna msiba. Na mimi, mjinga, sikuliwaza hilo! Mama mmoja, Bi Mwajuma, alikuwa anafagia uwanja wake. Aliponiona akatupa ufagio, akaja mbio, mikono kichwani.

"Mwanangu, nani kafa?"

Nilitakiwa kusema, "Hapana mama, nafanya mazoezi." Nikafungua kinywa, nikajisikia nasema, "Mama yangu."

Haleluya! Donge likapasuka. Nililia nikagaagaa vumbini na raba zangu. Majirani wakatoka, mkeka ukatandikwa. Mmoja akauliza, "Kafariki lini?"

"Mwaka juzi."

Binti mmoja akaangua kicheko. Bi Mwajuma akamkata jicho, akanigeukia. "Ulimlilia?"

"Sikumlilia."

"Basi lia, mwanangu."

Tukakaa mkekani, wanawake sita nisiowajua, wakimlilia mama wasiyemjua. Nikawaeleza kila kitu, kilima, tope, mkorosho, na lile swali la mama. Bi Mwajuma akanishika mkono, akasema, "Hebu sikia. Hakuuliza kama unakuja. Aliuliza umefika wapi. Mama yako alikufa anajua mwanawe yuko njiani."

Ndugu zangu! Neno lile nilikuwa nalibeba muda wote huo kama hukumu, kumbe mama alikuwa ananisubiri kwa imani. Bi Mwajuma akaomba dua kwa desturi yao, nami nikaitikia amina. Mchungaji, usininunie! Nilimwomba Mungu anifungue, akamtuma aliyekuwa karibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe, nikapanda kile kilima bila kukaa hata mara moja. Nilipofika juu sikukuta wa kuniuliza. Nisiwadanganye, nilitamani mno aniulize. Bado natamani. Bwana hakuniondolea hamu ya mama, aliniondolea haya, na sasa namtamani nikiwa nimeinua uso. Namshukuru kwa hilo kila asubuhi.

Na wewe uliyekaa hapo umejikaza, watu wanakusifu una moyo mkuu, mimi nakujua. Mtumaini Bwana, hachoki kusubiri waliochelewa. Kesho alfajiri nitakuwa barabarani. Ukinikuta, kimbia na mimi hata nguzo moja. Sitakuuliza una viatu gani. Nitakuuliza nani kafa, na wewe nijibu.