Injini na Asubuhi za Baridi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, tunaomba utulivu kidogo, familia iwasomee maisha ya ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Injini.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, katika chumba kimoja nyuma ya stendi ya mabasi, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, ambako hesabu zilimpiga chenga lakini kwa kuchekesha hakuwa na mpinzani, na mwaka 1992 akaanza kuchimba mitaro ya mabomba ya maji, kazi aliyoifanya mpaka mwisho, na baadaye akamwingiza humo na mdogo wake. Mwaka 1999 alimwoa mshona nguo, wakajaliwa mabinti wawili.

Kikosi chao kina mazoea yake: asubuhi ya baridi kali, anayefika huvua koti, hushika sururu na kuvunja ardhi kwa nguvu zote ili mwili upate joto, na anayeanza polepole huitwa bibi harusi mpaka jioni. Marehemu hakuwahi kuitwa hivyo. Mwezi Mei mwaka huu, kifua kilipoanza kumbana kila alipoinua sururu, na maumivu kushuka mkono wa kushoto, wenzake walisema ni baridi imemwingia, wakamchua kwa dawa ya misuli, wakamhimiza achimbe zaidi, jasho liitoe. Mkewe alimsihi aende hospitali, naye akacheka, akasema injini haipelekwi gereji kwa sababu ya umande.

Tarehe 11 Julai aliketi ukingoni mwa mtaro, akamwambia mdogo wake, "Nichue tena, mdogo wangu, kisha unipe sururu." Akachuliwa, akapewa. Alifariki njiani kwenda hospitali. Daktari alitueleza kwamba baridi hubana mishipa, na moyo unaotwishwa kazi nzito ghafla hukosa damu, kwa hiyo tuvae koti, tuanze taratibu, na kifua kikibana tuache kazi papo hapo, twende hospitali.

Tunamshukuru daktari huyo, na jirani aliyetoa gari, na ninyi wenzake mliochimba kaburi leo alfajiri. Lakini mlichimba bila makoti, na mama yetu amemwona mdogo wa marehemu akijichua kifua, amemshika mkono tangu wakati huo, hataki kuuachia.

Mdogo wetu, gari liko nje, daktari ameshaambiwa. Usisubiri mazishi, nenda sasa hivi na mama. Kaka yako tutamzika sisi.

Nawe Injini, lala salama, hakuna tena wa kukuharakisha.