Sista Damalie na Siku ya Tatu

Leo ni Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Bwana Edeku, msimamizi wa kituo chetu cha afya hapa Busia, upande wa Uganda, aliniomba niandike ukurasa huu wa ratiba ya sherehe na akasema niandike mazuri. Nimeahidi kuandika yote, kwa sababu tunayemuaga hajawahi kupenda faili lenye mapengo.

Ijumaa ijayo, tarehe 14, Sista Damalie Nafula anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwauguza wagonjwa wa akili. Naandika kwa niaba ya wafanyakazi, ingawa mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu upande wa Kenya, na hapa huja Jumamosi tu kuwatafsiria wagonjwa Kisamia na Kiswahili. Kabla ya hapo nilikuwa binti wa mgonjwa. Bado ni binti wa mgonjwa, ndiyo maana Ijumaa hiyo naiogopa.

Sista alizaliwa Dabani. Alianza kazi Tororo mwaka 1992, akahamia Busia miaka tisa baadaye, na tangu hapo amekataa kuhamishwa mara mbili. Wenzake wanasema humtambua kwa viatu vyake kabla hajafika mlangoni, na kwamba chai yake hupoa kila siku kwa sababu mgonjwa huingia kwanza.

Mwaka fulani alirudi kutoka mafunzoni na picha za ubongo kwenye simu. Alitueleza kwamba mtu anaposhika jambo kichwani huku mikono ikiendelea na kazi, ubongo hutumia sana sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso. Kwa mgonjwa mmoja sehemu hiyo huhangaika kupita kiasi kwa jambo dogo. Kwa mwingine hulegea wakati inahitajika. Magonjwa yana majina mbalimbali, alisema, lakini wengi huja na kilio kimoja: nilikuwa nimelishika, limeponyoka.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Mgonjwa aliambiwa afunge dirisha, alete kikombe, kisha aseme mlango una rangi gani. Ebong, fundi baiskeli wa Mella, alifunga dirisha akarudi mikono mitupu.

"Sista, mlango gani? Hii nyumba iko na milango mbili."

"Wewe Ebong, kikombe kiko wapi?"

"Kikombe nakumbuka. Nimeona ni chafu, nimeacha."

Sista aliandika kwenye faili: kumbukumbu nzuri, mdomo mzuri zaidi.

Mama yangu, Syprose, hakumchekesha mtu. Alikuwa mpishi wa kibanda karibu na mpaka, na alishika kichwani oda za watu kumi bila kuandika. Ugonjwa wa huzuni kubwa ulipompata, alianza kutia chumvi mara mbili. Aliniuliza kama nimekula huku nikiwa natafuna. Bibi yangu alianza hivyo hivyo. Kila nilipotoka shuleni nilisimama kwanza nje, nikisikiliza kama kuna kitu kinachoungua.

Kituoni aliambiwa arudi Jumatatu, hakuja. Akaja siku nyingine, akaambiwa tena Jumatatu, hakuja. Mhudumu mmoja kijana akaandika kwamba kumbukumbu imeharibika, na akapendekeza dawa ziongezwe. Mama alifika Jumatano, amevaa gauni la kanisani.

"Mama Elinah, nilikuambia uje lini?" Sista akamuuliza, akimwita kwa jina langu.

"Ulisema tatu. Leo si ya tatu?"

Katika lugha ya kwetu, siku ya tatu ya juma ni Jumatano. Mama alikuwa ameishika tatu yake vizuri, njia nzima, siku zote hizo. Sista alicheka mpaka akatoa kitambaa. Halafu akaacha kucheka. Alitoa mafaili ya zamani, akayasoma wiki nzima, akakuta wengine kumi na mmoja walioandikwa wasahaulifu na ambao wote walikuwa wakija Jumatano. Aliwaambia wafanyakazi, bila kumtaja yule kijana, kwamba maandishi mengi kati ya hayo yalikuwa ya mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mgonjwa hupewa siku kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kisha huirudia kwa mdomo wake. Dawa za Mama hazikuongezwa. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, nami niliiona ikifanyika.

Lakini niliahidi yote. Chumvi ilikuwa kweli. Mama bado huangusha mambo, ingawa siku hizi anapika tena, oda tatu au nne kwa wakati mmoja. Na tangu muhula huu, mwalimu wa hisabati akitoa maelekezo matatu, la pili linanitoka. Nimewaficha wote nyumbani. Sista alinifundisha kwamba hofu nayo hukaa kichwani na kuchukua nafasi ya kazi, na nimejishikilia kwenye neno hilo kama kamba. Ila sijui kama ni hofu ninayoiona, au ni kile kilichowaanza Bibi na Mama.

Sista Damalie, kituo kizima kinakushukuru. Nenda ukapumzike Dabani, ulime ukitaka, unywe chai ikiwa moto, na Mungu akupe siku nyingi za afya.

Bwana Edeku atakuletea karatasi hii kabla haijachapishwa. Tafadhali mpe huyo huyo jibu la swali langu, hata kwa mstari mmoja: hofu ikitoka kichwani, ile nafasi hurudi?