Stendi ya Taa na Shangazi wa Bibi Harusi

Kwenye bajaji ya kwenda Miyuji, Violeth alimpakata mwanawe akijifanya hasikii. Mama mnene aliyekaa kulia alikuwa ameupitisha mkono mbele yake, anaitikisa stendi ya taa ya kijana mpiga picha aliyekaa kushoto.

"Mwanangu, hii si ya kuanikia soksi?"

"Mama, ni imara. Halafu rahisi. Upepo ukija, naning'iniza mfuko wa mchanga."

"Nani kataja upepo? Kesho shangazi wa bibi harusi anaingia akicheza na zawadi kichwani. Yeye utamning'inizia nini?"

Kijana akaitazama stendi yake. Ilikuwa harusi yake ya kwanza kupiga picha, na taa yenyewe kaiazima.

"Nunua ile ya chuma kinene."

"Labda niuze kamera, mama. Nitawaomba mashangazi wachezee mbali."

Mama akacheka hadi bajaji ikayumba. "Mimi nimecheza harusi zote za ukoo wetu. Hajazaliwa wa kunisogeza!"

Bajaji ikasimama. Mama akaanza kushuka kinyumenyume kupitia upande wa kushoto, huku makalio yakitafuta njia mbele yao. Kijana akaikumbatia stendi yake. Violeth naye, kwa tahadhari, akamkumbatia mwanawe.