Kona ya Mwisho ya Dari

Wewe unayekunja pua, ikunjue kwanza. Ukisikia bikizee kapanda juu ya meza kubandika urembo wa dari, utasema nazua. Haya, guna, ukimaliza kuguna tutaendelea. Bibi Wembe, aliyepewa jina hilo kwa ulimi wala si kwa kunyoa, aliuza kahawa kwenye benchi lililo chini ya dirisha la chumba cha mwanawe, kitinda mimba. Kijana alikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Kabla ya kuondoka alinunua mikanda ile myeupe ya povu gumu ya kupamba ukingo wa dari, myepesi kama maganda ya vitunguu, akachora mstari wa penseli juu ya kuta zote, pale itakapopita, akasema, "Nikirudi tu, mama, nakubandikia." Mikanda ikalala uvunguni ikila vumbi. Wiki hii Bibi akatangaza kwamba chumba kinapangishwa, akaanza kubandika mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kubandika hata stempu. Kila mkanda uliopanda ulifunika mstari wa penseli. Sasa ilibaki kona ya mwisho. Bibi yuko juu ya meza, viganja vimeukandamiza mkanda ili gundi ishike, na wazee wawili wa benchini wanamfundisha kupitia dirishani.

— Dada, kona haikutani. Hapo panya anapita na mizigo yake.

Huyo ni Profesa, aliyeingia chuo kikuu mara moja, kupaka rangi.

— Naiona, Profesa. Macho yangu sijayapangisha.

— Umekata ncha za vipande vyote zikalalia upande mmoja, akasema Injinia, fundi baiskeli. Kimoja kilale kulia, kingine kushoto, ndipo vibusiane.

— Nimekata, nimerudia, nimekata tena.

— Lakini kona zile nyingine umezipatia! Hii imekuwaje?

Bibi akazidi kukandamiza. Kando ya kidole gumba chake mstari wa penseli ulikuwa bado unaonekana, shubiri moja tu iliyobaki.

— Kosa si lake, akadakia Profesa. Nyumba imepinda. Mji mzima umepinda.

— Umepindwa na nini? akauliza Injinia.

— Dunia inazunguka, bwana! Ukijenga leo, mwakani kona imeshasogea. Hata suruali yangu siku hizi inavutwa mbele.

— Hilo ni tumbo, akasema Bibi bila kugeuka.

— Mnacheka? Leteni kipande nikipinde kifuate ukuta. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Profesa akapenyeza mkono dirishani, akachukua kipande cha mkanda, akakikunja. Ta! Kikakatika.

— Samaki wako alishakaangwa, akasema Injinia.

— Mnanimalizia mikanda ya mwanangu! Bibi akafoka. Kisha akajikohoza. Ya chumba, nasema. Mikanda ya chumba.



— Kwani anapiga simu? akauliza Injinia kwa sauti ya chini.

— Anapiga. Anasema yuko njiani. Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Konokono angeshafika, akaoga, akalala.

— Mvumilivu hula mbivu, dada.

— Nimevumilia mpaka zimeoza. Niondolee methali zako.

Hapo akaingia mgeni, muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya jirani. Anatafuta chumba, na walewale wa benchini ndio waliomwelekeza asubuhi.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Tazama, usiogope. Kutazama dari hakulipiwi.

— Pamependeza kweli!

Macho ya mgeni yakashuka kutoka darini. Nyuma ya mlango lilining'inia shati la kiume lililopigwa pasi. Chini yake, viatu vilivyong'arishwa juzijuzi tu. Akauliza kwa upole:

— Kwani mwenyewe anarudi lini?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe chake. Hakikuwa na kitu. Profesa, mwenye methali ya kila jambo hata lisilohusika, akatafuta moja akaikosa.

Bibi akauachia mkanda. Ukashika. Kona ikabaki wazi, na ile shubiri ya penseli ikichungulia. Akashuka mezani polepole, mguu huu kisha huu, akajifuta gundi kwenye upindo wa nguo.

— Gundi haijakauka, mwanangu. Uje siku nyingine.

Akamtanguliza mgeni, akatoka nyuma yake, akaufunga mlango.