Zumari Haipigwi Matangani: Maisha ya Papa Paluku Zorobabel (1946–2003)

Wapendwa ndugu na majirani, wachungaji na mashehe wetu, nanyi mliotoka Beni kwa barabara ile tunayoijua wote: poleni na safari, na asanteni kwa kuja. Tunawasomea maisha ya Papa Paluku Zorobabel, fundi wa kushona na mpigaji wa zumari. Yeye mwenyewe hakupenda hotuba ndefu. Alisema hotuba ndefu hupoza wali. Tutajitahidi kumtii, ingawa mtu aliyeishi vizuri ni kazi kumfupisha.

Papa Zorobabel alizaliwa tarehe 3 Mei 1946 huko Kitsombiro, katika teritware ya Lubero, mtoto wa kwanza wa Mzee Kataliko, mkulima wa viazi, na Mama Jokébed. Wazee wa kule walisimulia kwamba tangu utoto alikuwa na pumzi isiyo ya kawaida. Akiita mbuzi wa baba yake kwenye kilima kimoja, mbuzi wa kilima cha pili nao walikuja, halafu ugomvi wa kuwatenganisha ulichukua siku nzima. Mama yake aliomba Mungu sauti ile ipate kazi ya maana.

Alisoma shule ya misioni hadi mwaka wa tano, akajua kusoma, kuandika na kuimba nyimbo zote za kitabu. Mwaka 1961 alimfuata mjomba wake Kasese, ng'ambo, upande wa Uganda, penye machimbo ya shaba. Machimboni walimtazama, wakaona ni mwembamba kama mpini wa jembe, wakamrudisha. Mjomba akampeleka kwa fundi wa kushona, Mhindi mmoja aliyeitwa Karsan. Mzee Karsan alishona siku za kazi, na siku za harusi alipiga zumari ya kwao, ile ambayo Wahindi huita shehnai: mti mweusi wenye matundu, mdomo wa shaba uliopanuka chini, na juu kipande kidogo cha tete ambacho wapigaji hukiita ulimi.

Siku ya kwanza Papa Zorobabel aliposikia sauti ile, alikuwa anapiga pasi suruali ya karani wa posta. Alisimama akisikiliza, pasi nayo ikasimama, na suruali ikaungua mpaka upande wa pili. Alingojea makofi. Mzee Karsan akaitazama suruali, akamtazama kijana. "Wewe nasahau pasi kwa sababu ya zumari? Haya, kuja jifunza."

Akajifunza. Kwanza hakupewa zumari, alipewa bua la jani la mpapai na bakuli la maji. Kazi ilikuwa kupuliza mapovu bila kuyaacha yakatike, huku mashavu yakisukuma pumzi nje na pua ikivuta nyingine ndani. Mwenye kutaka ajaribu nyumbani, lakini si karibu na vitabu vya watoto. Alipoyaweza hayo, Mzee Karsan alimpa sheria moja tu: zumari haipigwi matangani. "Hii nafungua mlango ya bibi harusi," alisema. "Maiti iko na mlango yake, Mungu nafungua." Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa Uganda, Papa Zorobabel alimsindikiza bwana wake hadi stesheni. Mzee Karsan akamwachia zumari yenyewe. Kijana akauliza kama ampigie ya kumuaga. Mzee akatikisa kichwa: "Hapana. Leo iko matanga." Hawakuonana tena, na Papa Zorobabel hakuisimulia habari hiyo bila kutoa kitambaa mfukoni.

Alirudi kwetu kupitia Kasindi, akafungua meza yake ya kushona Butembo, karibu na soko, mwaka 1973. Alishona makoti ya mabwana arusi na magauni ya mabibi arusi, kwa hiyo alijua ndoa zote kabla ya wachungaji. Kuhusu zumari, Waislamu wa Beni hawakuwa na swali, maana babu zao waliijua. Wazee wa kanisa letu ndio waliokuwa na mashaka: walikuwa wamesikia kwamba filimbi ya Wahindi huita nyoka. Mchungaji akaamua ijaribiwe uani mchana kweupe, na mashemasi wawili wasimame na fimbo. Alipiga. Nyoka hakuja hata mmoja. Walikuja wanawake waliokuwa wanachambua majani ya sombe, na mmoja wa mashemasi alionekana akitikisa fimbo yake kwa mdundo. Tangu siku hiyo, kutoka Beni hadi Alimbongo, harusi bila Papa Zorobabel ilikuwa kama fufu bila maji.

Tarehe 14 Desemba 1974 alimwoa Mama Kaswera, binti wa Alimbongo. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliiegemeza zumari ukutani, akaenda kuonyeshwa mbuzi. Mama mkwe akauona ule mdomo wa shaba, akaona mgeni ameleta entonnoir nzuri ya kumiminia mafuta. Aliung'oa, akajazia nao mawese katika chupa zake zote, kisha akaupangusa na kuurudisha kwa adabu. Jioni mkwe alipopuliza, matone mekundu yalimwagikia kanzu ya mshenga. Watu walimtazama wakingoja akasirike. Alilamba midomo, akasema: "Mama, hii mawese yenu iko muzuri. Sasa zumari imekula kwenu, haiwezi kukataa binti." Akapewa binti.

Lakini siku yenyewe ya ndoa kulikuwa na shida moja. Bwana arusi hawezi kujipigia, na mpigaji mwingine hakuwepo. Mwanamume aliyewafungulia wengine mlango alimwingiza mkewe mwenyewe kimya kimya. Mama Kaswera hakumwachia. Kila aliporudi kutoka harusi ya watu, alimpokea kwa neno moja: "Batu ba bengine unabapigiaka. Miye uliniingizaka kama mwizi wa kuku." Walicheka, ila Papa alijua ndani ya kicheko kuna kidonda. Akamwahidi kwamba siku moja, kabla hajafa, ataingia kanisani kwa zumari kama bibi arusi mwingine yeyote. Kwa hiyo, hapakuwa na njia ila kufundisha mtu.

Wana wao wa kiume walipewa bua na bakuli, wakamwaga maji tu. Aliyeweza mapovu alikuwa binti yao Agar. Wengine walinong'ona kwamba mwanamke na zumari ni aibu. Papa aliwajibu palepale sokoni, huku pini ziko mdomoni: "Pumzi haijuake kama umevaa jupe ao suruali." Yubile ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yao ikapangwa Desemba 1999. Agar apige, baba atembee na mama.

Vita vilikuwa vimekwisha kuingia. Kuanzia 1996 majeshi yalipita kwa majina mbalimbali, na sisi tukajifunza kufanya harusi asubuhi na kurudi nyumbani jua likingali juu. Watu walioa hata hivyo, na Papa alikwenda. Matete mazuri ya kuchongea ulimi wa zumari yalitoka ukingo wa Semliki, na bonde lile likawa halipitiki. Kufikia Novemba 1999 alibaki na ulimi mmoja tu mzuri, aliouweka kwa ajili ya yubile. Aliubeba mfukoni popote, kwa kuogopa panya.

Mwezi huo huo, Beni, alikuwa amelala kwa mwenyeji wake, Mwislamu mwenye kamiyo ya mizigo, alipofuatwa asubuhi na askari. Mdogo wa komanda wao alikuwa ameuawa, na komanda alitaka azikwe kwa ule muziki wa wakubwa.

"Kuya, papa, utapiga ku kilio."

"Hapana, chef. Hii kintu inapigaka tu ku ndoa."

"Tunakuomba ao tunakuamuru?"

Papa Zorobabel alisimulia baadaye kwamba aliogopa sana hata akaona haya. Alijua wakimpeleka pale akiwa na zumari nzima, atapiga, maana mtu aliyewekewa bunduki hupiga. Akautoa ulimi ule wa pekee mfukoni, akautia mdomoni kama anaulainisha, akauuma mpaka ukapasuka.

"Umefanya nini?" askari akafoka.

"Iko bubu sasa, chef. Lakini miye niko fundi wa kushona. Munionyeshe sanduku."

Wakamtazama kama mwenye wazimu, kisha wakampeleka. Kijana aliyelala pale alikuwa na umri wa wanawe, na sanduku lilikuwa mbao tupu zenye misumari iliyotokeza ndani. Papa akaomba kitambaa, akashona kwa mkono, mkunjo baada ya mkunjo, hadi sanduku likawa na kitanda. Komanda alikuja kumfokea, akaliona, akakaa chini akalia kama mtoto. Walimrudisha Papa kwa mwenyeji wake bila kumgusa. Tangu hapo, katika miaka yote hii mibaya, mtu wa kabila lolote na dini yoyote aliyefiwa alimkuta Papa Zorobabel na sindano yake, na hakuna aliyeombwa kitu. Wengi mlio hapa mnalijua hilo. Matangani alileta uzi tu.

Ila yubile ilikufa. Alirudi Butembo na vipande viwili vya ulimi katika kitambaa, akamweleza mkewe huku ameinamisha kichwa. Mama Kaswera alivifunga tena vile vipande katika kitambaa. Akasema, "Ulirudi mwenyewe. Ile ingine itangoja."

Mwaka 2001 moyo wa Papa ulianza kuvimba. Daktari alimkataza kupanda milima, chumvi na zumari. Chumvi aliiacha. Milima, katika mji huu, haiachiki. Zumari iliondolewa chumbani, na kwa wiki kadhaa alikuwa mzee mwenye hasira, tuseme ukweli. Kilichomrudisha ni mkwe wake Edmond, mume wa Agar, dereva wa kamiyo za Kasindi. Barabara ya Semliki ilipopitika kidogo, alimletea fungu la matete akiwa ameyafunika kwa samaki wa ziwani. Papa alisema wakwe wengine huleta mbuzi, wake analeta majani, na huyo ndiye bora. Akachonga, akachemsha, akakausha. Akamfundisha Agar kwa kumshika mashavu kwa vidole viwili, na nyumba nzima ikanuka samaki.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2003, Mama Kaswera aliingia kanisani. Alivaa gauni la rangi ya maziwa lililoshonwa na bwana arusi mwenyewe. Agar alipiga kuanzia mlango wa nyumba, akashuka mtelemko wote, akavuka barabara ambapo kamiyo zilisimama zenyewe, na pumzi haikukatika. Papa alitembea polepole akimshika mkewe mkono, na kila Agar alipovuta pumzi, mashavu ya baba nayo yalijaa. Mlangoni mwa kanisa Mama akasimama, akamwambia kwa sauti tuliyoisikia wote: "Sasa nimeingia." Hatujamwona Papa akifurahi vile, naye alikuwa mtu wa furaha.

Alilala Jumatatu tarehe 10 Machi 2003, asubuhi, nyumbani kwake upande wa Rughenda, kwenye kiti chake mbele ya mashini. Gauni alilokuwa analimalizia ni la Bénite, binti aliyekimbia vita vya upande wa Mambasa, ambaye yeye na mchumba wake Lévi wamehifadhiwa na kanisa letu. Ulibaki upindo tu. Mama Kaswera aliumaliza usiku uleule, na kitambaa cha gauni lake mwenyewe la yubile ndicho kinachomfunika Papa ndani ya sanduku hili. Alikikunja kama alivyomwona akikunja.

Ameacha mjane, Mama Kaswera, watoto wanne: Agar na mumewe Edmond, Mapenzi, Muhindo na Furaha, wajukuu saba, ndugu zake Salomon, anayesoma maneno haya, na Marie-Jeanne, na harusi zisizohesabika kutoka Beni hadi Alimbongo.

Wengi mmeuliza kwa nini Agar amekaa pale na zumari imefungwa kitambaa. Sheria ya Papa mmeisikia. Leo tutaimba kwa midomo yetu, na Papa ataingia mlango wake kwa nyimbo za kitabu. Jumamosi hii, keshokutwa, ni ndoa ya Lévi na Bénite. Wenyewe walikuja kwenye mkeka wa matanga kuomba iahirishwe, na sisi wa ukoo tulikubali haraka, tukaona ndiyo heshima. Mama Kaswera akainua kichwa, akamwita Agar.

"Wende ukabapigie, mwanangu. Miye nilingojaka myaka makumi mbili na munane. Ule binti asingoje."

Basi Jumamosi Agar atapiga. Wewe, Papa Zorobabel, weka sindano chini sasa. Bwana wa amani akupe pumziko. Wasingya, asante.