Asidi Ambayo Dada Jui-lan Hakuiandika

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, mimi naitwa Fanchiang Kuo-hung, mdogo wake marehemu, nami nasoma historia hii kwa niaba ya familia, ingawa sehemu yake moja jamaa walinisihi niiruke, na sitairuka.

Marehemu Fanchiang Jui-lan alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961 huko Hsinpu, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana mjini Hsinchu, na baadaye kemia huko Taipei, alikopata udaktari Juni 1990, huku mama yetu akimtania, "Soma mwanangu, lakini nani atakuoa unavyonuka dawa hivyo?" Aliolewa tarehe 12 Januari 1992 na shemeji yangu Peng Wen-kai, fundi wa miwani, ambaye husema hakuwahi kusikia harufu yoyote, wakajaliwa binti mmoja, Yi-ching.

Tangu Agosti 1991 alifundisha chuo kikuu hapa Hsinchu, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa unga wa fuwele wenye vyumba vidogo mno kuonekana, ambao ni vipande vya chuma vilivyoshikanishwa kwa viungo vya kaboni, gesi ikiingia humo inanasa, naye aliota unga utakaonasa moshi wa viwanda hata kwenye hewa yenye unyevu. Mwaka 2009 mwanafunzi wake, Chiu Tzu-hsuan, alipima unga uliomeza gesi kuliko wowote waliowahi kuutengeneza, makala ikachapishwa, tukafanya karamu, lakini maabara nyingine zilipofuata maelezo ya makala hazikupata kitu, na unga wenyewe, mvua za Mei zilipoingia, ukanywa maji ya hewani ukabomoka. Tarehe 14 Juni 2010, mbele ya watu kumi na wanane, dada alimwambia, "Umepika takwimu, na hata kupika kwenyewe hujui!" Chiu akajibu taratibu, "Mwalimu, nilifuata daftari lako," watu wakacheka, naye akaondoka chuoni bila shahada.

Kijana alisema kweli. Februari 2015, akihama ofisi, dada alilikuta daftari hilo, na kwa mwandiko wake mwenyewe kipimo cha asidi kilikuwa kimeongezwa mara mbili, kwa kuwa asidi hufanya fuwele ziwe kubwa na za kupendeza, naye aliiona kuwa pambo tu, hivyo kwenye makala akaacha kipimo cha zamani. Kumbe asidi ilikuwa imekalia nafasi za viungo, na unga ulipooshwa na kukaushwa yakabaki mapengo, mapengo yakaongeza nafasi ya gesi, na chuma kilichobaki wazi humo kikayavuta maji. Fuwele alizojivunia kwa uzuri ndizo zilizokuwa na kasoro nyingi zaidi. Mwaka 2016 alichapisha masahihisho, jina la Chiu likitangulia, lakini ana kwa ana hakuthubutu, mara mbili nilimpeleka Miaoli, Chiu anakofundisha tuisheni, na mara mbili tulipofika mlangoni akasema, "Geuza gari, Kuo-hung, leo nywele zangu zimekaa vibaya." Nilimcheka, na kicheko hicho kinanichoma hadi leo.

Mficha maradhi kifo humuumbua: alificha maumivu ya tumbo mwaka mzima, Oktoba 2023 ikagundulika ni saratani ya kongosho, akafariki tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wen-kai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea tambi za mchele kila siku bila kuombwa, na walimu wenzake.

Bwana Chiu, nimekuona umeketi safu ya mwisho. Siku tatu kabla ya kufa dada aliniambia, "Nilimwaibisha mbele za watu, usije ukaniombea radhi kwake pembeni." Basi nasema mbele za watu, hukupika chochote, alikuonea, na alijua hivyo kwa miaka tisa. Ukisamehe au usiposamehe, yeye hatasikia tena jibu lako, na hilo ndilo linalotuumiza zaidi sisi wa nyumbani kwake.

Dada, nimesoma yote. Pumzika.