Unyoya wa Kuku Haushuki Baharini

Kijiweni kwa Mosi, pale Mwembesongo, kahawa huanza kumiminwa saa nane mchana, muda ambao wingu linateremka Uluguru polepole kama mtu anayeshuka ngazi na usingizi bado uko machoni. Benchi ni moja na vikombe ni sita. Siku hiyo walikuwepo watatu: Godlisten fundi bajaji, jina la mtaani Spana, Laurenti, mstaafu wa kiwandani, anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kukosa jibu, na mzee Tomasi, ambaye tangu aanze darasa la watu wazima parokiani hakuna anayemwita Tomasi tena. Ni Silabi. Mapajani alikuwa na karatasi, na juu ya karatasi kikopo cha manyoya meupe ya kuku, laini, ya kusafishia masikio, aliyoyachagua moja moja. Kikopo kilikuwa kinaondoka na basi la saa kumi, kisha kipande boti mpaka kisiwani Mafia kwa binti yake Devotha, anayewashusha wageni chini ya bahari na mitungi ya hewa wakaangalie samaki. Mwezi uliopita sikio la kushoto la Devotha lilitoa usaha. Bosi wake kasema likirudia, hazami tena, anakwenda jikoni kumenya viazi.

Spana: Sikio ni tyubu, mzee wangu. Ukienda chini, maji yanakandamiza, tyubu inapata pancha. Hapo ni kiraka tu.

Waziri: Wewe kila kitu pancha. Hewa ya ile mitungi imetoka Ulaya, imefungwa kipindi cha baridi. Mtoto anavuta theluji, mafua yanatafuta pa kutokea.

Spana: Kwa nini yatokee sikioni na pua ipo?

Waziri: Pua si imebanwa na ile miwani? Halafu wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Yeye anayaingia na nguo ya mpira. Maji yamechukia.

Mosi alicheka huku akipuliza mkaa. Silabi hakucheka. Alikuwa mbali. Alimwona Devotha ana miaka sita, juu ya magunia ya kabichi, lori linateremka kutoka Nyandira kona baada ya kona, mtoto kashika masikio analia kwamba yameziba. Akamwambia, meza mate, mwanangu, piga miayo. Akapiga, yakazibuka, akacheka. Sasa Silabi akaiona bahari kuwa ni mlima uliogeuzwa, na binti yake anaushuka bila lori, mikono imelegea, anameza mate kwenye kila kona ya maji.

Waziri: Na ntakwambia kitu. Samaki umemwona ana masikio? Alikuwa nayo. Bahari iliyachukua kidogo kidogo. Huyo binti akikaa mwaka mwingine, atarudi Morogoro ana mashavu ya perege.

Spana: Kausha, mzee. Baba yake yupo hapa.

Waziri: Nasema ukweli. Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa unatuma manyoya ya nini?

Silabi: Dawa ipo. Imeandikwa. Hii karatasi kanitumia mwenyewe, ya chuo chao cha kuzamia. Kasema, baba, soma usiwe na wasiwasi.

Spana: Soma basi, mzee baba, tupate elimu.

Silabi akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anapima kila jiwe kabla ya kuliamini.

Silabi: "Usizame ukiwa na mafua. Masikio yakiuma wakati wa kushuka, usilazimishe, panda juu." Mnasikia? "Ukitoka majini, suuza masikio kwa maji safi yasiyo na chumvi. Inamisha kichwa maji yatoke. Kausha kwa taulo, nje tu."

Waziri: Hilo hata mimi nalijua.

Silabi: "Nta ya sikio iache, ndiyo mlinzi wake. Usiingize kitu chochote sikioni. Njiti, ufunguo, pamba..."

Kidole kikasimama. Neno lililofuata alilisoma kwa macho mara mbili. Mikono ya Spana ilikuwa na grisi, miwani ya Waziri iko nyumbani. Angeruka lile neno, hakuna ambaye angejua. Miaka yote ile wengine walimsomea yeye karatasi, za kliniki, za shamba, na hakujua walichoruka.

Silabi: "...unyoya."

Wakakiangalia kikopo.

Waziri: Karatasi hiyo imeandikwa na watu wasiofuga kuku.

Spana: Ila mzee, wamesema nta ni mlinzi. Unyoya si unamtoa mlinzi?

Waziri: Sikio halizidi kichwa. Kichwa hapa ni baba.

Wakati huo akafika mama mmoja na ndoo ya nyanya. Akajitambulisha kwa Mosi kuwa ni Josephina, ametoka Dumila, anaomba kikombe kimoja akingoja bodaboda. Akawasabahi, akakaa pembeni, akasikiliza.

Josephina: Samahani wazee. Huyo binti alizoeshwa na nani kuchokoa sikio?

Spana akaanza kusugua grisi kwenye kucha.

Silabi aliona kizingiti cha nyumba yake, Jumamosi jioni, kichwa cha mtoto kwenye paja lake, unyoya ukizunguka taratibu sikioni mpaka anasinzia mdomo wazi. Hakuwahi kumpenda mtu zaidi ya alivyompenda nusu saa ile.

Silabi: Mimi.

Silabi akatoa simu. Aliandika muda mrefu, wingu likafika kwenye miti ya chini, kisha akawasomea kabla ya kutuma: Devotha. Unyoya niliokufundisha ni kosa langu. Acha. Sikio likiuma tena nenda kwa daktari, hata bosi akinuna.

Kahawa ikawa imebaki masimbi tu chini ya vikombe. Simu ikaita. Ni yeye. Benchi zima likamwegemea mzee.

— Baba, nimeipata. Umeandika mwenyewe?

— Mwenyewe. Hiyo simu umeiweka sikio gani?

Upande wa pili palikuwa na upepo.

— La kushoto, baba. Ongea tu, nakusikia.